Mshubiri wa Ololokwe

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama jinsi muuza duka anavyoitazama noti ya elfu moja aliyoitilia shaka, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akanirudishia.

"Machweo mazuri," alisema. "Ua liko wapi?"

Ua lilikuwa katikati kabisa ya picha, jekundu, na nyuma yake mwamba wa Ololokwe ukiwaka rangi ya matofali. Nilidhani ananitania. Kumbe picha yangu ilikuwa na rangi tu, habari haikuwa nayo. Haikuonyesha majani yamekaaje, kikonyo kimetokea wapi, wala kama mmea umesimama peke yake au umezungukwa na watoto wake. Programu ya simu ilikuwa imeshanipa majina matatu, kila moja na asilimia yake, nami nikachukua lenye asilimia kubwa kama mtu anayebashiri mechi. Nilipomtajia, hakulikubali wala hakulikataa. Aliuliza tu, "Ulikata jani?"

Sikukata jani.

Hapendi kuandikwa magazetini, basi nitamwita Mwalimu, kama wote wanaomjua wamwitavyo. Maisha yake ya kazi ameyamaliza kati ya makabati ya mimea mikavu jijini Nairobi, na sasa amestaafu kwa jina tu. Kila baada ya miezi michache hutafuta gari la kupanda nalo kaskazini, na safari hii gari lilikuwa langu. Mimi nilitaka jina la ua. Yeye, nadhani, alitaka dereva.

Baada ya Isiolo barabara ya Moyale hunyooka, na nchi ikaanza kuvua nguo: miti ikapungua, ikafupika, ikabaki migunga na miti ya ubani iliyokunja majani. Hapo waridi la jangwani husimama bila jani hata moja, shina nene kama mguu wa tembo na maua ya waridi kichwani. Nilipiga breki. Mwalimu akacheka. "Hilo halihitaji mtu wa kulitambua. Hata mbuzi wanalijua, ndiyo maana hawalili." Utomvu wake ni sumu, ndimo wawindaji walimochovya mishale. Tukaendelea.

Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi haikuwa mlimani. Ilikuwa kando ya barabara, kwenye ua wa mkonge uliozungushiwa boma la mtu. Mlingoti mmoja wa maua ulikuwa umeanguka. Akachuma ua moja lililochelewa kukauka, akatoa wembe mfukoni na kulipasua kwa urefu, polepole, kama mtu anayefungua barua ya mwenzake asitake kujulikana. Akanipa kioo cha kukuzia. "Tafuta mahali mbegu zinapokaa."

Nikaona kifuko cha kijani, ovari, kimekaa chini kabisa, chini ya mahali petali zinapoanzia. Petali zimepandwa juu yake kama kofia. "Kumbuka hapo," alisema, akafuta wembe kwenye kanga.

Kiswahili kina mchezo wake hapa: ua wa mkonge ni uzio, ua la mkonge ni ua. Herufi moja inabeba mzigo wote. Kazi ya Mwalimu ni ya aina hiyo hiyo, kutafuta herufi moja inayogeuza maana, na kutokubali kusoma neno zima kabla ya kuiona. Maana mkonge na mshubiri ukiviangalia kwa jicho la abiria ni ndugu wa tumbo moja: majani mazito yaliyochongoka, miiba pembeni, mlingoti wa maua juu. Kumbe wametenganishwa na bahari nzima. Mkonge asili yake ni Meksiko. Richard Hindorf aliuleta pwani ya Tanga mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mashamba yote ya katani ya Afrika Mashariki yakaanzia kwa hiyo 62. Mkonge huchanua mara moja katika maisha yake, kisha hufa. Mshubiri ni wa huku, huchanua mwaka baada ya mwaka, na ukilipasua ua lake utaikuta ovari juu, ndani ya petali, imefichwa kama mtoto ndani ya mbeleko. Swali la kwanza la Mwalimu kwa mmea wowote ni hilo: wewe ni mwenyeji au mgeni? Hauulizi kwa ubaguzi. Anataka tu kujua atafute kitabu gani.

Ololokwe, ambao Wasamburu huuita Ol Doinyo Sabache, umekaa peke yake juu ya tambarare kama meza iliyosahaulika. Kilele chake kinakaribia mita 2,000. Upande wa barabara ni ukuta mtupu wa mwamba, na tumbusi huweka viota kwenye nyufa zake. Juu kuna msitu na ukungu, chini kuna mchanga, mawe na jua. Mzee aliyetuongoza, Msamburu mwenye fimbo na shuka nyekundu, alipanda kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa nakimbia kidogo na kupumzika sana. Mwalimu hakuwa akipanda kabisa, ukimtazama. Alikuwa akisimama, anaangalia, na kila akisimama anakuwa juu zaidi ya alipokuwa.

Ua langu tulilikuta palepale nilipolipiga picha, kwenye mteremko wa mawe chini ya migunga. Nikalikimbilia. Mwalimu akakaa juu ya jiwe hatua kama 20 kutoka hapo, akafungua chupa ya maji. Alikaa dakika 10. Sikujua kwamba ameshaanza.

Alichokuwa akitazama ni ujirani. Mshubiri wangu ulikuwa na majani yasiyopungua 20 yaliyojipanga duara, kila jani limeinuka kwa mshazari, na haukuwa na shina la kuonekana. Hatua chache kando ulikuwepo mwingine kama huo, na mwingine, kila mmoja kivyake. "Hawashikani," alisema. Hilo tu, lakini kwake lilikuwa limeshafunga mlango mmoja mkubwa. Kuna mshubiri wa Turkana, wanaouita echuchuka, ambao nao maua yake hukaa karibu sawasawa na haya, ila wenyewe huzaa machipukizi ubavuni mwaka hadi mwaka mpaka ukawa kundi moja zito usiloweza kuingiza mguu, na majani yake yana madoa meupe. Ukipiga picha ua peke yake, umepiga picha ya wote wawili.

Hapo nikajifanya hodari. Karibu na jiwe nilikuwa nimeona miche mitatu midogo, majani yake yamepangwa pande mbili tu kama kitabu kilichofunguliwa, na yamejaa madoadoa meupe. "Mwalimu, hapa kuna spishi mbili," nikasema. "Hii yenye madoa ni nyingine."

"Andika," alisema.

Nikaandika kwa fahari. Nikapima, nikachora. Nusu saa nzima aliniacha na spishi yangu mpya, naye akiendelea na shughuli zake. Kisha akaniita kwenye mche mwingine, mkubwa kidogo, ambao majani ya nje yalikuwa na madoa na ya ndani hayana, na umeanza kujizungusha kuacha ile safu ya pande mbili. Hakusema neno. Nilikuwa natazama mtoto akigeuka kuwa mtu mzima. Mishubiri mingi huanza maisha na madoa na majani ya pande mbili, na watambuzi wasio na subira wameandika watoto na wazazi kama mataifa mawili. Nikafuta kurasa mbili za daftari. Mzee alikuwa akitazama mbali kwa heshima.

Jani alilikata mwenyewe, moja tu, la chini, kwa mkasi wa bustani. Hapa ndipo alipokwenda taratibu kuliko pote. Alilishika wima, akasubiri. Tone likatokea kwenye ukingo wa jeraha, chini kidogo ya ganda: la manjano, wazi. Akatazama saa. Ndani ya jani, katikati, kulikuwa na ute usio na rangi, ule wanaouza mijini kwenye glasi na kuuita alovera, ingawa alovera yenyewe asili yake ni Rasi ya Uarabuni. Utomvu wa manjano ni kitu kingine, hukaa kwenye mishipa chini ya ganda, nao ndio shubiri. Rangi yake, na rangi inayogeuka ikikauka, hubagua spishi. Ikikauka bila kuandikwa, hakuna wa kuikumbuka tena. Baada ya dakika chache tone lilikuwa limeingia hudhurungi. Akaandika zote mbili, na saa.

"Onja," aliniambia.

Nani alelewe pwani asijue shubiri? Bibi zetu waliipaka kwenye titi mtoto alipotakiwa kuacha ziwa. Nilionja hata hivyo, kwa ncha ya ulimi, na nusu saa baadaye bado nilikuwa nikitema. Baadhi ya kamusi zetu huliandika neno hilo kwa namna mbili, shubiri na subiri. Kwa Kiarabu, mmea huu na ile tabia ya kuvumilia vimetoka kwenye mzizi mmoja wa herufi, swad, be, re, nasi tukavipokea vyote viwili pwani: kimoja cha dawa, kingine cha kuambiwa kila siku. Nilimwambia Mwalimu. Alisema jambo hilo ni la wenye lugha, yeye anataka urefu wa miiba.

Miiba ilikuwa milimita 4, rangi ya kahawia iliyoiva kwenye ncha, na kutoka mmoja hadi mwingine milimita 15. Aliipima mitano, si mmoja, na majani mawili tofauti. Alipapasa ukingo kwa kucha ili ajue kama ni mgumu kama pembe. Ulikuwa mgumu.

Ua likaja la mwisho, na mimi nilikuwa nimeanza na ua.

Kikonyo kilipanda zaidi ya mita moja na kujigawa matawi, na yale ya chini yakajigawa tena. Vishada vilikuwa vimelala mshazari, na maua juu ya kila kishada hayakuzunguka pande zote kama ilivyo desturi. Yote yalikuwa upande mmoja, yamegeukia juu, kama waumini waliogeukia kibla. Nilikuwa nimeyapiga picha mara 11 bila kuliona hilo. Akachuma moja na kulibana sehemu ya chini kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivuta taratibu hadi mdomoni mwa ua. Alikuwa akitafuta uvimbe. Ziko jamii za mishubiri yenye madoa ambazo ua lake limevimba chini na kubanwa juu ya uvimbe huo kama shingo ya mtungi. Hili halikuwa na shingo, lilishuka sawa kama bomba. Kwa macho lilikuwa jekundu hafifu lililofifia mdomoni. Kwa kioo lilikuwa limenyunyiziwa vidoa vyeupe vidogo kama chumvi. Urefu, milimita 31.

Akalipasua. Petali 6 katika safu mbili, stameni 6, na ovari juu, ndani, palepale alipokuwa ameniahidi barabarani. Kisha akanionyesha kitu ambacho hakikuhitajika kwa utambuzi wowote. Kwenye kishada kimoja maua ya chini hufunguka kwanza, kwa hiyo ukitembeza kioo kutoka chini kwenda juu unarudi nyuma katika maisha ya ua lilelile. Juu, machipukizi yaliyofumba. Chini yake, maua ambayo stameni tatu zimechungulia na tatu bado. Chini zaidi, zote sita zimetoka na kumwaga chavua. Na chini kabisa stameni zimesinyaa na kurudi ndani, na stigma ndiyo imejitokeza. Ua ni dume kwanza, halafu jike, ili lisijizalishe lenyewe. Chozi mmoja wa kijani alikuja tukiwa tumeinama, akakaa juu ya kishada kana kwamba hatupo. Mwalimu alisogeza kichwa kumpisha, akaendelea kuhesabu.

Mzee aliulizwa jina. "Sukuroi," alisema, na Mwalimu akaliandika pamoja na alichoeleza: kwamba mizizi yake hutiwa kwenye pombe ya asali, na kwamba kuku wakipatwa na ugonjwa majani hukatwakatwa kwenye maji yao ya kunywa. Hakuandika "inasemekana". Aliandika kwamba mzee wa mahali hapa amesema. Halafu akamwuliza kama ule wa Turkana wenye madoa nao ni sukuroi. Mzee akafikiri kidogo. "Ni sukuroi pia," alisema. Jina la wenyeji hukusanya kwa matumizi, la wataalamu hutenga kwa maumbile, na Mwalimu huyaweka yote kwenye karatasi moja bila kuyagombanisha.

Usiku, chini kwenye hema, ndipo alipofungua kitabu. Kimetokana na mpango wa kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliochukua zaidi ya miaka 60, ukakamilika mwaka 2012 ukiwa umeeleza spishi zaidi ya 12,000. Sehemu ya mishubiri iliandikwa na Susan Carter na kutoka mwaka 1994. Mwanzoni mwake kuna ufunguo: maelezo mawili mawili yanayopingana, unachagua moja na kutumwa kwenye jozi nyingine, hivyo hivyo hadi ubaki na jina moja. Mmea una shina refu au hauna. Majani yana madoa au hayana. Maua yamezunguka kishada au yameelekea upande mmoja.

Niliona kwamba jina alikuwa nalo tangu pale jiweni, pengine tangu kwenye picha yangu ya machweo. Lakini alisoma kila jozi kwa sauti, kidole kwenye mstari, na kila mara akasoma kwa makini zaidi lile asilolichagua. Nikamwuliza kwa nini. "Natafuta pale ninapokosea," alisema. Kwenye jozi moja alirudi nyuma, akachukua tochi na kwenda kupima tena kijiti kinachoshika ua, kwa sababu tarakimu yake mwenyewe ilikuwa haisomeki vizuri. Milimita 8. Akarudi, akakaa, akaendelea.

Aloe secundiflora. Jina lilitolewa na Adolf Engler huko Berlin mwaka 1895, na maana yake kwa Kilatini ndiyo ile niliyoikosa mara 11: maua ya upande mmoja. Ni mmoja wa mishubiri ya kawaida kabisa ya nchi kavu, kutoka Ethiopia hadi Tanzania. Nilihuzunika kidogo; nilikuwa nimetamani kitu adimu. Mwalimu hakuonyesha huzuni wala furaha. Alikuwa amefurahi mchana, juu ya kioo.

Kuukausha mshubiri ni kazi inayowafanya wakusanyaji wengi waupite kama hawakuuona. Jani limejaa maji, na ukilibana tu kati ya magazeti halifi, linaendelea kuishi humo gizani. Mwalimu hulipasua, hukwangua ute kwa kijiko, kisha hulimwagia maji yanayochemka, ndipo hulifunga kwenye vibao vyake vya kubania kwa mikanda na kubadilisha magazeti kila siku. Kibali cha kukusanya alikuwa nacho kwenye bahasha ya plastiki. Mishubiri ya mwituni inalindwa na mkataba wa CITES, na nchini Kenya uvunaji wake kibiashara ulipigwa marufuku kwa agizo la rais mwaka 1986. Kwa hiyo alichukua tawi moja la maua na majani mawili, mmea ukabaki umesimama. Nusu ya jani la pili alinipa nijifunzie. Nililipasua, nikalikwangua kiasi, na maji ya moto yaliyobaki kwenye chupa ya chai nikayatumia kwa chai.

Wiki tatu baadaye nilimfuata Nairobi, kwenye hifadhi ya mimea mikavu ambayo mizizi yake iko Amani, Usambara, ilikoanzishwa wakati wa Wajerumani mwaka 1902 kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Sampuli yake ilikuwa imeshatoka kwenye jokofu la kuua wadudu. Ilikuwa imeshonewa kwenye karatasi nyeupe, na kwenye lebo ya kona ya kulia chini kulikuwa na mahali, mwinuko, tarehe, rangi za ua likiwa hai, rangi mbili za utomvu, na sukuroi. Rangi yenyewe ilikuwa imeshapotea, ua limekuwa la kahawia kama tumbaku. Ndiyo sababu aliiandika. Aliniambia habari za Berlin, jinsi mabomu ya Machi 1943 yalivyoteketeza hifadhi ya mimea ya huko pamoja na sampuli nyingi mno zilizotoka Afrika Mashariki, na kwamba tangu hapo watu wa kazi hii hupeleka nakala sehemu zaidi ya moja. Yetu moja ilikuwa kwenye bahasha, inangoja kibali cha kusafiri.

"Na lako?" aliuliza.

Nikafungua gazeti langu mezani. Nusu ya jani ilikuwa imelala juu ya ukurasa wa michezo, imepauka pembeni, lakini katikati ilikuwa ya kijani kabisa. Akaliinua kwa kibano, akaliweka kioo, akaligeuza upande wa pili.

"Hili liko hai," alisema, na akaenda kutafuta birika.